Gamba, Pembe na Kokwa: Tarehe ya Vifungo vya Nguo

Mavazi ya asili ya mwambao wetu hayakuwa na haja kubwa ya kifungo. Kanga hukazwa kifuani kwa ncha zake zenyewe, kikoi huzungushwa kiunoni kikafutikwa, joho huachwa wazi mbele, na kanzu huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, ikiwa na mpasuo mfupi kooni ambao hutosheka na kishikizo kimoja au kitanzi cha uzi. Aliyezoea mavazi ya namna hiyo hastaajabii nguo isiyo na vifungo. Hustaajabia shati lenye vishikizo saba kifuani, viwili mikononi, na kimoja cha akiba kilichoshonwa ndani ya pindo, maana hujiuliza ni nani aliyeketi akavitengeneza vyote hivyo, kwa kitu gani na kwa ujira gani, hata vikawa rahisi kiasi cha kupotea bila ya mtu kujuta. Swali hilo ni jepesi kuuliza, lakini jawabu lake humpeleka mtu mbali: kwenye pembe za kondoo wa Uingereza, chini ya bahari ya Australia, ndani ya tope la mto mkubwa wa Marekani, na hata kwenye kivuli cha mkoche unaoota hapa hapa Afrika.

Kifungo ni kikongwe kuliko kazi yake. Katika magofu ya Mohenjo-daro, mji wa bonde la mto Indus uliositawi zaidi ya miaka 4000 iliyopita, vimeokotwa vipande vya gamba vilivyochongwa na kutobolewa ili vishonwe juu ya nguo, navyo hudhaniwa kuwa vilikuwa pambo tu. Na kwa karne nyingi baada ya hapo Wayunani, Warumi na mataifa mengine waliendelea kuzishika nguo zao kwa pini, kwa bizimu, kwa mishipi na kwa kamba. Kilichokosekana kilikuwa tundu. Kupasua kitambaa kizima kwa makusudi, kuzizungushia uzi kingo za mpasuo zisifumuke, kisha kukipenyeza kifungo humo ndani, ni ustadi ulioonekana Ulaya, hasa Ujerumani, katika karne ya 13, wakati mafundi walipoanza kukata nguo za kubana mwili. Nguo pana haihitaji kufunguliwa ili ivuliwe. Lakini mkono wa nguo ulioshikana na mkono wa mtu toka kiwiko hata kifundo haupiti mpaka uwe na mlango, na kifungo kikawa komeo la mlango huo. Kufika mwaka 1268 hivi, Étienne Boileau, aliyekuwa kama liwali wa mji wa Paris, alipozikusanya kanuni za vyama vya mafundi wa mji wake, watengenezaji wa vifungo walikuwa tayari wamo katika orodha.

Tangu hapo kifungo kikawa alama ya cheo. Matajiri walivipanga vya dhahabu, vya fedha na vya hariri kutoka kidevuni hata magotini, ilhali mafukara walijifunga kwa mfupa, kwa mti, au kwa fundo la nguo yenyewe; na mahali penye cheo na fedha serikali haikawii kufika. Uingereza, toka mwishoni mwa karne ya 17 mpaka mwanzoni mwa ile iliyofuata, Bunge lilitunga mara kadhaa sheria za kuharimisha vifungo vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile cha nguo, ili kulinda riziki ya maelfu ya watu waliokuwa wakivitengeneza vifungo vya hariri kwa sindano. Ni rahisi kuzicheka sheria hizo. Mimi nazionea huruma, kwa kuwa waliozitaka walijua kwa yakini kwamba vijiji vizima vilikula kwa kifungo, na kwamba vijiji hivyo vingeweza kulala njaa kwa badiliko dogo tu la mkasi wa mshonaji.

Ushahidi wa jambo hilo uko katika wilaya ya Dorset, kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1622 Abraham Case alianzisha katika mji wa Shaftesbury kazi ya kutengeneza vifungo kwa kipande cha pembe ya kondoo dume kilichofunikwa kitambaa, kisha kikashonwa na kushonwa tena kwa uzi wa kitani mpaka kikakaa imara. Kazi ikaenea vijijini, ikashikwa na wanawake na watoto ambao waliifanya majumbani mwao, mbali na mvua na matope, kwa ujira uliopita ule wa kibarua cha shamba. Ikadumu zaidi ya miaka 200. Kisha mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, ikaonyeshwa mashine ya kutengenezea vifungo iliyobuniwa na John Ashton, na katika muda mfupi vidole vya Dorset vikakosa mnunuzi. Jamaa nyingi zilihama, na baadhi yao wakavuka bahari wasirudi.

Birmingham ilikuwa na bahati nyingine, maana huko mashine ilizaliwa pamoja na kazi. John Taylor, aliyetajirika kwa vifungo vya shaba vilivyopakwa dhahabu, ndiye mmoja wa waasisi wa benki iliyofunguliwa mwaka 1765 ambayo leo ulimwengu unaijua kwa jina la Lloyds. Na Matthew Boulton, ambaye vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya ushirika wake na James Watt wa mashine za mvuke, alirithi kwa baba yake kazi ya bizimu na vifungo kabla hajawa na habari ya mvuke. Katika mji huo huo, mwaka 1840, Richard Prosser alipata hati ya kukandamiza udongo mkavu wa kaure ndani ya kalibu, na Mfaransa Jean-Félix Bapterosses akaichukua hikima hiyo, akaikuza katika mji wa Briare hata akawashinda Waingereza walioianza. Kalibu hizo ziligeuzwa baadaye zikatoa ushanga, na ushanga wa Briare ukaja kuuzwa Afrika. Hivyo babu zetu ambao hawakuvaa shati la kizungu huenda walivaa shingoni kazi ya karakana ya vifungo.

Lakini katika vitu vyote vilivyowahi kufanywa kifungo hapana kilichopendwa kama lulumizi, yaani ngozi ya ndani ya gamba la chaza, ambayo hung'aa rangi zote bila ya kutiwa rangi hata moja. Watu wengi hudhani kwamba wapigambizi wa zamani walishuka baharini kwa ajili ya lulu. Katika Ghuba ya Uajemi, kwa watu wa Bahrain na majirani zao, dhana hiyo ni ya kweli, na gamba lilikuwa faida ya ziada iliyouzwa Ulaya. Katika Broome, bandari ya Australia ya magharibi iliyositawi tangu miaka ya 1880, mambo yalikuwa kinyume: lulu ilikuwa bahati, na gamba ndilo riziki. Chaza wa huko ni mkubwa kama sahani ya wali, na gamba lake nene hutoa vifungo vingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashua 400 hivi zilitoka Broome, na sehemu kubwa ya lulumizi yote iliyouzwa duniani ilipita katika gati lake. Waliozama kwanza walikuwa wenyeji wa nchi, wengi wao bila ya hiari, na baada yao Wajapani na Wamalai wenye kofia za shaba na mipira ya hewa. Katika makaburi ya Wajapani ya mji huo wamelala watu zaidi ya 900, waliouawa na tufani, na kuzama, na ugonjwa wa kupanda juu upesi kutoka kwenye maji marefu. Yule bwana wa London aliyefunga shati lake asubuhi hakuwa na sababu ya kuyafikiri hayo, na sidhani kwamba aliyafikiri.

Magamba ya bahari yalikatwa na kukerezwa Ulaya, hasa Birmingham, Hamburg na Vienna, mpaka mwaka 1890 Marekani ilipopandisha ushuru wa forodha kwa sheria iliyoitwa kwa jina la McKinley. Vifungo vya lulumizi vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotozwa ushuru mzito, na mafundi wa Vienna, waliokuwa wakiuza Marekani sehemu kubwa ya kazi yao, wakakosa chakula kwa tendo la watu wasiopata kuwaona. Msiba wao ukawa neema ya mtu mmoja. John Frederick Boepple alikuwa fundi wa vifungo kutoka Ottensen, karibu na Hamburg, aliyehamia Marekani mwaka 1887 kutafuta kome wa maji baridi, kwa sababu aliamini kwamba gamba lao laweza kushindana na la bahari. Aliwakuta katika mto Mississippi, wametandazana chini ya maji kwa wingi usiosemeka, na mwaka 1891, sheria ya ushuru ikiwa bado mpya, akafungua karakana yake katika mji mdogo wa Muscatine, jimbo la Iowa.

Kisa cha Muscatine chastahili kuelezwa kwa kituo, maana ndani yake mna tarehe yote ya vifungo kwa muhtasari. Kufika mwaka 1905 mji huo, ambao watu wake hawakufika hata 20,000, ulikuwa ukitoa vifungo 1,500,000,000 kwa mwaka, kadiri ya asilimia 37 ya vifungo vyote vya dunia. Kazi ilianzia mtoni. Mvuvi alisukumwa na mkondo katika mashua ya tako bapa, akiburura nyuma yake mti au chuma kilichotungikwa nyuzi nyingi zenye kulabu butu. Na kwa kuwa kome hulala topeni akiwa ameachama, kulabu ilipomgusa alifunga gamba lake kwa hofu, akainasa, akainuliwa nayo. Silaha yake ikawa mtego wake. Pwani ya mto palikuwa na masufuria makubwa, na humo kome walichemshwa wakafunguka, nyama ikatolewa, na uvundo wake ukakaa juu ya kambi zile majira yote ya joto. Mara moja moja ilionekana lulu, na habari yake ikatosha kuwaleta wavuvi wapya mia.

Karakanani magamba yalilowekwa mapipani kwa muda wa juma zima au zaidi ili yasipasuke. Mkataji alisimama mbele ya msumeno wa namna ya bomba lenye meno mdomoni, akalikandamiza gamba juu yake huku maji yakirushwa kupunguza joto na vumbi, na kila mzunguko ukaacha duara moja jeupe lililoanguka ndooni. Lile gamba likabaki na matundu, moja karibu na moja, mpaka pasibaki pa kutobolewa. Ustadi wa mkataji ulikuwa katika kuyabana matundu hayo. Duara zile zilisagwa zilingane unene, zikachongwa uso, zikatobolewa kwa keekee tundu mbili au nne, kisha zikazungushwa mapipani pamoja na maji na tindikali hata zikang'aa. Mwisho zilipelekwa majumbani, ambako wanawake na watoto wao walizishona juu ya kadi, jioni baada ya jioni, kwa senti chache. Magamba yenye matundu yalimwagwa vichochoroni kuwa kokoto, na mpaka leo mtu hufukua bustani yake Muscatine akayakuta.

Penye mali haikosekani khitilafu. Wakataji walilipwa kwa idadi, na walilalamika kwamba walitakiwa watoe dazeni 14 ili wahesabiwe 12, na kwamba aliyekubali au kukataa kifungo kuwa kibovu alikuwa mtu wa tajiri, si mtu wao. Walipounda chama, wenye karakana wakafunga milango mwezi wa Februari 1911, na askari wa jimbo wakaletwa mjini. Mgomo na mzozo ukaendelea mpaka mwaka uliofuata, na miongoni mwa waliosimama kuwasemea wafanyakazi alikuwa Pearl McGill, aliyekuwa bado msichana mdogo. Wafanyakazi hawakushinda.

Mto nao ulikuwa umekwisha kuchoka. Karibu na New Boston, katika jimbo la Illinois, palikuwa na tandiko moja la kome lenye urefu wa maili 2 na upana wa robo maili. Katika miaka 3 lilitoa magamba tani 10,000, na baada ya hapo halikuwa na kitu. Serikali ikafungua kituo cha elimu ya viumbe huko Fairport mwaka 1908, nacho kikaligundua tumaini katika jambo la ajabu la maumbile ya kome: mtoto wake hawezi kukua mpaka kwanza ajishike katika matamvua ya samaki, akachukuliwa naye majuma kadhaa, ndipo aanguke na kuanza maisha yake chini. Wataalamu wakawa wakiwakamata samaki, wakiwaambukiza vijana wa kome, na kuwarudisha mtoni kwa mamilioni. Boepple mwenyewe alikuwa sasa mtumishi wa kazi hiyo. Alikuwa mtu wa mikono, hakuzipenda mashine mpya zilizoletwa mwaka 1904 ambazo zilichonga na kutoboa kwa pamoja, na biashara aliyoianzisha ilikuwa imemtoka ikaenda kwa wengine. Katika safari moja ya kukagua mito alikanyaga gamba la kome likamkata mguu. Kidonda kikaingia sumu, akafariki mwaka 1912.

Nimekaa sana Muscatine, lakini palikuwa na mshindani mwingine ambaye kwetu ni jamaa wa karibu zaidi. Katika misitu ya Ecuador na Colombia huota mnazi mfupi wa namna yake, uitwao tagua, ambao kokwa yake ikikauka huwa ngumu na nyeupe hata watu wakaipa jina la pembe ya ndovu ya mmea. Merikebu za Kijerumani ziliipeleka Hamburg katika karne ya 19, na huko Marekani mji wa Rochester ukafanya kwayo vifungo vya makoti na suruali, kwani kokwa hiyo hunywa rangi kwa urahisi, jambo ambalo gamba haliwezi. Mkoche wetu ni wa ukoo mmoja na mti huo. Watu wa mwambao huujua kwa matunda yake ya rangi ya hudhurungi ambayo watoto huyatafuna ganda, na kwa majina ya mahali, kama Mikocheni ya Dar es Salaam. Wachache hujua kwamba kokwa za ndugu yake anayeota Sudan na Eritrea zilikuwa bidhaa ya vifungo. Sudan iliziuza Ulaya, na Wataliano walipokuwa wakiitawala Eritrea vifungo vilitengenezwa kwa kokwa hizo katika mji wa Keren. Kwa nini biashara hiyo haikushuka hata kwetu, wakati miti ilikuwepo na bandari zilikuwepo, ni swali ambalo ningependa vijana wetu wa elimu ya tarehe walishike.

Plastiki iliwashinda wote. Ilianza kwa unyenyekevu: mwaka 1897, huko Ujerumani, watu wawili, Krische na Spitteler, walipata hati ya kuyagandisha maziwa kwa fomalini yakawa kitu kigumu kama pembe, na kwa miaka 50 hivi maziwa yalifungia makoti ya Ulaya. Baadaye zikaja plastiki zinazotokana na mafuta ya ardhini, ambazo hazikuogopa maji ya moto wala mashine ya kufulia wala pasi kali, na ambazo kila kifungo chake kililingana na mwenziwe kabisa. Zipu nayo ikala sehemu yake. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1960 misumeno ya gamba ya Muscatine ilikuwa imenyamaza, na leo mji wa vifungo uko China, katika Qiaotou ya jimbo la Zhejiang. Magamba ya Mississippi hayakukosa kazi, kwa kuwa yalinunuliwa na Japani ili yakatwe kuwa shanga ndogo na kutiwa ndani ya chaza, yafunikwe lulumizi, yawe lulu za kufugwa. Na ni lulu hizo za Kijapani, pamoja na mdororo wa biashara wa mwaka 1929, zilizowavunja wapigambizi wa Ghuba. Gamba lililoanza kwa kumnyang'anya chaza soko la vifungo likaishia kuwa moyo wa lulu iliyomnyang'anya soko la lulu.

Mafundi cherehani wetu wangali wakiweka kopo la vifungo chini ya meza, vilivyokatwa katika nguo kuukuu na mitumba, na mteja akileta shati lenye pengo hulimimina kopo juu ya meza na kupekua kwa kidole kimoja. Humo mna plastiki tele, lakini si plastiki peke yake. Ukitaka kuvitambua, kiweke kifungo juu ya shavu lako: cha gamba huwa na ubaridi, cha plastiki hukosa. Kisha kigeuze utazame mgongo wake, maana cha gamba aghalabu hubakiza doa la hudhurungi au mstari usio sawa, mahali ambapo ngozi ya nje ya kome ilikuwa. Na cha kokwa, kikitazamwa vizuri, huonyesha nyuzi nyembamba kama mbao iliyopigwa randa. Baadhi ya kome waliotoa vifungo hivyo sasa hulindwa na sheria ya Marekani kwa kuwa wamebaki wachache, na hapana karakana itakayowakata tena kwa ajili ya mashati. Basi msomaji, kabla hujalifanya shati la babu yako kuwa tambara la kupigia deki, kata vifungo vyake kwanza.